Paka wa manyoya marefu na ndugu zao wa porini

Paka wa manyoya marefu ni paka wa kufugwa kama wengine wote, ila manyoya yake hayaachi kukua mapema. Si spishi ya peke yake, wala hana damu ya mnyama wa nchi za barafu. Wengi hudhani hivyo, hasa wakimwona Maine Coon, paka mkubwa wa kufugwa wa Marekani, mwenye vishungi vya nywele masikioni.

Siri iko kwenye jeni, yaani kipande cha maelekezo ya urithi mwilini, iitwayo FGF5. Kazi yake ni kutoa protini inayouambia unywele: basi, inatosha. Jeni hiyo ikiwa na kasoro, amri haifiki, unywele unazidi kurefuka. Mtoto lazima arithi kasoro kutoka kwa mama na kutoka kwa baba. Kwa hiyo paka wawili wa manyoya mafupi, kila mmoja akiwa ameificha kasoro hiyo mwilini, wanaweza kuzaa kitoto chenye manyoya marefu. Mwaka 2007 watafiti walieleza kasoro nne tofauti kwenye jeni hiyo hiyo. Moja imeenea katika mbegu nyingi za paka; nyingine wamekutwa nazo Ragdoll, Maine Coon na paka wa misitu wa Norwei. Maana yake, manyoya marefu yalizuka zaidi ya mara moja, na hili kwangu ndilo jambo tamu kuliko yote katika habari hii.

Urefu peke yake hausemi mengi. Paka wa Uajemi ana manyoya ya ndani mengi na laini mno, yanayojisokota mafundo kwapani na nyuma ya masikio asipochanwa kila siku. Paka wa Norwei ana manyoya ya juu magumu kidogo, yenye mafuta, na maji huteleza juu yake. Angora wa Uturuki hana manyoya mengi ya ndani, hivyo ni rahisi kumtunza.

Sasa ndugu wa porini. Anayewachanganya watu zaidi ni manul, paka wa nyika na milima ya Asia ya Kati aliyeelezwa kisayansi na Peter Simon Pallas mwaka 1776. Ana uso bapa na manyoya mazito, hata wataalamu wa zamani wakadhani ndiye babu wa paka wa Uajemi. Lakini mtazame macho juani: mboni yake hubaki duara, ilhali ya paka wa nyumbani hujibana ikawa mstari wa wima. DNA nayo inamweka karibu na paka-chui wa Asia, paka mdogo wa porini.

Chui wa theluji yuko mbali zaidi. Manyoya ya tumboni mwake hufikia sentimita 12, lakini ni wa ukoo wa simba, na jamaa yake wa karibu kabisa ni simbamarara.

Babu halisi ni kimburu, paka pori wa Afrika na Asia ya Magharibi. Uchunguzi wa DNA ya paka karibu 1,000, uliotolewa pia mwaka 2007, ulionyesha kwamba paka wote wa kufugwa wametokana na kimburu wa Mashariki ya Kati. Naye ana manyoya mafupi, ya rangi ya mchanga, yenye michirizi hafifu.