Je, wajua jinsi bahari ilivyomwagilia mitende ya Basra bila kuitia chumvi?

Basra, mji wa kusini mwa Iraki, ilianza miaka ya 630, zama za Khalifa Umar, kama kambi ya jeshi kwenye ukingo wa jangwa, zaidi ya kilomita 10 kutoka mto Shatt al-Arab. Karne tatu baadaye mji ulikuwa umezungukwa na mashamba ya mitende, na sehemu kubwa ya mashamba hayo hayakuhitaji ndoo, punda wala gurudumu la kutekea maji.

Kazi hiyo ilifanywa na maji kujaa na kupwa. Bahari ya Ghuba inapojaa, huuzibia mto njia ya kutokea. Maji matamu yaliyokuwa yakishuka hurudi nyuma, kina hupanda, na mto humwagikia kwenye mifereji. Kwa hiyo kinachoingia shambani ni maji ya mto. Bahari inasukuma tu. Mji wenyewe ulifikiwa na mifereji miwili mikubwa, Nahr Ma'qil upande wa juu na Nahr al-Ubulla upande wa chini. Mifereji mingine ilijigawa kuwa midogo, mpaka vijitaro vilivyopita kati ya matuta ya mitende. Mwanajiografia al-Muqaddasi, wa karne ya 10, anaeleza kwamba maji huwatembelea watu wa Basra mara mbili kwa siku, hunywesha bustani na kubeba mashua hadi vijijini. Yanapopwa, huzungusha vinu vya kusagia vilivyojengwa kwenye midomo ya mifereji.

Wengi husifu kujaa, lakini kupwa ndiko kulikoiokoa mitende. Katika nchi ya joto kali kama ile, maji yakituama shambani jua huyakausha na chumvi hubaki. Maji ya chini ya ardhi nayo, yakiwa karibu, hupanda kwenye udongo na kuacha chumvi juu. Pale Basra kila maji yalipopwa, taro ziligeuka mikondo ya kutolea maji na chumvi ikaondoka nayo. Mfumo mmoja, kazi mbili.

Haukujiendesha, lakini. Kila maji yaliacha tope, na taro isiyozolewa ilijaa. Tope lililozolewa lilitupwa juu ya matuta, likawa mbolea nzuri. Ila tuta likiinuka mno, maji ya kawaida hayalifikii tena, linasubiri bamvu, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Na mto ukipungua nguvu, bahari hupanda yenyewe na chumvi yake. Hilo limeonekana waziwazi mwaka 2018, maji ya Shatt al-Arab yalipopungua na kuharibika hata maelfu ya watu wa Basra wakalazwa hospitalini.

Pale ambapo maji hayakufika, ardhi ilikuwa na gamba la chumvi. Sheria ya Kiislamu ilimpa umiliki anayefufua ardhi iliyokufa, na matajiri wa Basra waliona faida hapo. Kazi ya kulibandua gamba hilo, kulibeba na kulirundika vilima vilima waliwatwisha watumwa, makundi ya mamia kwa maelfu, wakilishwa unga na tende. Waliitwa Zanj, jina ambalo Waarabu walilitumia kwa watu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, ingawa yaelekea walitoka sehemu nyingi za Afrika.

Mwaka 869 waliasi, wakiongozwa na Ali ibn Muhammad. Mwaka 871 wakaiteka Basra. Makao yao, al-Mukhtara, waliyajenga kando ya mfereji wa Abu al-Khasib, ambako farasi wa Khalifa walikwama kwenye taro na matope yaleyale ya mashamba. Jeshi la al-Muwaffaq, nduguye Khalifa, lilihitaji mashua nyingi na miaka kadhaa kuwashinda, hadi 883. Abu al-Khasib ipo hadi leo kusini mwa Basra, na bado inajulikana kwa mitende.