Je, wajua kwa nini aiskrimu nzuri ni ghali? Swali lililotupeleka bucha

Desemba shule zikiwa zimefungwa, binti ya dada yangu alikuja Nakuru kukaa nami wiki mbili. Ana miaka tisa na haulizi maswali mepesi. Siku moja tulisimama mbele ya friza ya supamaketi katikati ya mji, akashika makopo mawili ya aiskrimu ya vanila, moja kila mkono. Yote yameandikwa nusu lita. Bei ya moja ilikuwa mara tatu ya lingine.

"Anko, si zote ni nusu lita?"

Nikaanza kumwambia kwamba ile ni ya hali ya juu, lakini nilijua hilo si jibu. Nikanunua yote mawili. Tulipofika mtaa wa Section 58 tukapitia kwa muuza nyama wetu, maana ndiye mwenye mizani ya dijitali ninayoiamini. Nikamweleza shida yetu. "Weka tu," akasema, akipangusa sahani ya mizani kwa kitambaa. "Hii haichagui."

Tukitoa uzito wa kopo lenyewe, ya bei nafuu ilikuwa na gramu kama 270. Ya ghali ilikuwa na gramu kama 430. Mtoto alifungua kopo jepesi palepale akidhani limepunjwa, akakuta limejaa mpaka ukingoni. Nusu lita ilikuwa nusu lita kweli. Hizo gramu 160 zilikuwa zimeenda wapi?

Hazikwenda popote, kwa sababu hazikuwahi kuwemo. Nafasi yake ilikuwa imejazwa hewa.

Hewa kwenye aiskrimu si wizi, na hili ni lazima lisemwe mapema. Bila hewa hungeweza kuichota kwa kijiko. Waliosoma shule za msingi miaka ya nyuma wanakumbuka barafu za rangi zilizouzwa kwenye vijifuko vya plastiki, unaing'ata kwa magego mpaka kichwa kinauma. Ile ni maji, sukari na rangi, imeganda bila hewa. Aiskrimu hugandishwa ndani ya mashine yenye visu vinavyozunguka bila kusimama, vikikwangua barafu ukutani na papo hapo vikipiga hewa ndani ya mchanganyiko, kama mtu anavyopiga mayai ya keki. Vipovu hivyo vidogo ndivyo vinavyoifanya iwe laini na isiue meno.

Swali ni hewa kiasi gani. Mchanganyiko wa lita moja unaweza kupigwa mpaka ukatoa lita mbili za aiskrimu, yaani nusu nzima ya kopo ni hewa. Marekani wana sheria kuhusu jambo hili: galoni moja ya aiskrimu, ambayo ni karibu lita 3.8, haitakiwi kuwa na uzito chini ya ratili 4.5, takriban kilo mbili. Ukigawa, ni kama gramu 540 kwa lita, na hapo ndipo kopo letu jepesi lilipoangukia. Watengenezaji wa aiskrimu ya hali ya juu hawafiki huko. Ile nzito yetu, kwa hesabu ya uzito wake, ilikuwa na hewa isiyotimia robo ya kopo.

Usiku ule tulijaza glasi mbili zinazofanana, kila aina glasi yake, tukaziacha mezani ziyeyuke. Asubuhi ya ghali ilikuwa imeshuka kidogo tu na kuwa uji mzito wa rangi ya siagi. Ile nyingine ilikuwa imeshuka karibu nusu ya glasi, na juu yake limebaki povu jeupe, kama povu la sabuni ya kufulia. Mtoto aliweka kidole kando ya kila glasi kupima, akanyamaza muda mrefu. Jaribio hili ni rahisi kuliko yote ninayoyajua.

Lakini mizani haikumaliza kesi. Nilipiga hesabu nyuma ya risiti: nzito ilizidi nyepesi kwa kama mara 1.6, ilhali bei ilizidi mara tatu. Kwa hiyo hata nikilinganisha gramu kwa gramu, bado ya ghali inakaribia kuwa mara mbili ya nyenzake. Kuna kitu kingine kinacholipiwa, na kitu hicho kinaanzia hapa kwetu, Njoro, Molo, Bahati na Kuresoi, kwenye zizi la ng'ombe.

Nyanya yangu alikuwa akichemsha maziwa ya jioni kwenye sufuria nyeusi, anayaacha yapoe hadi alfajiri. Juu yake hutanda utando wa manjano, mnene kama kitambaa, naye huukusanya kwa kijiko na kuuweka kwenye kikombe cha bati. Kikombe kile kilichukua siku nyingi kujaa. Huo utando ndio utajiri wa maziwa. Kiwandani hutengwa kwa mashine ya kuzungusha kwa kasi na huitwa krimu, watu wa Pwani wakiita malai. Maziwa ya kawaida ya ng'ombe wa Friesian yana mafuta asilimia tatu na nusu hadi nne hivi. Ng'ombe wa Jersey hutoa lita chache lakini mafuta yake hufika asilimia tano. Mkulima wetu mara nyingi hulipwa kwa lita, ndiyo maana Friesian wamejaa vijijini, lakini mtengenezaji wa aiskrimu anatafuta mafuta.

Lebo ya kopo jepesi ilisema mafuta asilimia 10. Ya kopo zito ilisema 16. Ukizisoma hivyo, tofauti ni sita tu. Ukikumbuka uzito, mambo yanabadilika: asilimia 10 ya gramu 270 ni gramu 27, na asilimia 16 ya gramu 430 ni karibu gramu 69. Lita moja ya maziwa ina mafuta kama gramu 38. Kopo jepesi limebeba mafuta ya maziwa yasiyotimia lita moja, na kopo zito limebeba ya karibu lita mbili, zote ndani ya kitu unachokishika kwa mkono mmoja. Ni kweli maziwa yaliyotolewa krimu hayamwagwi, yanauzwa na yanatengenezewa vitu vingine, kwa hivyo mtengenezaji halipi lita mbili nzima kwa kila kopo. Lakini krimu ndiyo sehemu yenye thamani, na mshindani wake mkubwa ni siagi, ambayo kila duka inaitaka.

Wapo wanaokwepa gharama hiyo kwa kutumia mafuta ya mawese au ya nazi badala ya krimu. Si sumu, na ladha yake wengi wameizoea tangu utotoni. Ila soma lebo: ukikuta maneno mafuta ya mimea, ujue unanunua kitu kingine, na hakistahili bei ya krimu. Hapo sina huruma na muuzaji anayeandika kwa herufi ndogo.

Rudi kwenye kopo letu zito. Mtoto alikuwa amechota kijiko cha kwanza akakirudisha. "Anko, hii ina uchafu." Zilikuwa chembe nyeusi, ndogo kuliko mbegu za mchicha. Nikamwambia ale, kwani hizo ni mbegu za vanila yenyewe.

Vanila ni tunda la okidi, mmea unaotambaa, asili yake Mexico. Ua lake hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo. Mmea ulipopelekwa nchi nyingine ulichanua vizuri bila kuzaa, kwa kuwa wadudu wa kwao wanaouchavusha hawakuwepo. Aliyefumbua fumbo hilo alikuwa mtoto wa miaka 12. Mwaka 1841, kwenye kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, aliyekuwa mtumwa, aligundua kwamba ukiinua utando mdogo ndani ya ua kwa kijiti, kisha ukabana kwa kidole gumba, chavua hugusana na tunda hushika. Mpaka leo mashamba ya vanila duniani yanategemea mbinu ile ya mkono wake, ua kwa ua. Nilipomsimulia mtoto habari hii, aliuliza kama Edmond alilipwa. Hakulipwa, akafa maskini.

Baada ya hapo, tunda hukaa kwenye mmea kama miezi tisa. Huchovywa kwenye maji ya moto, hufunikwa mablanketi litoe jasho, huanikwa juani na kurudishwa ndani siku baada ya siku, kwa miezi. Kilo tano au sita za matunda mabichi hutoa kilo moja iliyokauka. Madagascar ndiyo inayoongoza kwa kilimo hiki, na majirani zetu wa Uganda nao wanalima. Kimbunga Enawo kilipoipiga Madagascar Machi 2017, bei ilipanda mpaka karibu dola 600 kwa kilo, zaidi ya bei ya fedha, ile ya kutengenezea pete. Kopo jepesi halikupitia safari hiyo. Harufu yake ilitoka kwa vanilini, kemikali ileile inayoongoza harufu ya vanila, lakini iliyotengenezwa kiwandani kwa gharama ndogo sana. Pua ya haraka haitofautishi. Ukikaa nayo mdomoni, vanila halisi ina mambo mengine nyuma yake, kama moshi, kama matunda makavu.

Sasa baridi, ambayo nilijifunza kwa hasara.

Wiki mbili zilipoisha nilimrudisha mtoto kwa mama yake Kondele, Kisumu, naye akasisitiza tumpelekee kopo moja la ile nzuri. Nikaliweka kwenye kikasha cha kuhifadhi baridi, nikalizungushia vipande vya barafu, nikafunga. Nilijiona nimejipanga. Matatu ilipita Salgaa, ikapanda Mau Summit, ikateremka Londiani, Kericho, Ahero, na jua la ziwani likatupokea. Dada alipofungua kopo, aiskrimu ilikuwa imejivuta kutoka ukutani na kukaa katikati kama mtu aliyekonda ndani ya shati lake. "Hii imefia njiani," akasema.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, barafu ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi sifuri, na aiskrimu inatakiwa ihifadhiwe kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa aiskrimu, barafu ni kitu cha joto! Ningeichanganya na chumvi nyingi ingeshuka karibu nyuzi 20 chini ya sifuri, na ndivyo watu wa kale walivyogandisha aiskrimu kabla ya umeme. Makampuni hutumia malori yenye majokofu, au barafu kavu, ambayo ni hewa ukaa iliyogandishwa, yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri. La pili ni milima. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, njia inapanda zaidi ya mita 2,000, kisha inaanguka hadi Kisumu kwenye mita 1,130 hivi. Kule juu kanieneo ya hewa, yaani nguvu ya hewa inayobana vitu, hupungua, vipovu hutanuka na vingine hupasuka. Ukishuka, vilivyobaki hubanwa, na aiskrimu iliyokwisha kulainika hunywea. Wasafirishaji wanaovuka milima wanalijua tatizo hili.

Dada aliirudisha kwenye friza, na kesho yake ilikuwa ngumu tena, lakini ulimi ulikuta mchanga. Aiskrimu laini ina vipande vya barafu vidogo mno. Vikizidi mikromita 50 hivi, yaani sehemu moja ya ishirini ya milimita, ulimi huvihisi. Ili viwe vidogo, ni lazima igande haraka, kwenye vyumba vya nyuzi 30 chini ya sifuri au zaidi. Ikiyeyuka kidogo na kuganda taratibu, maji hujikusanya kwenye vipande vichache vinavyokua. Ukiharibu hivyo mara moja, hakuna friza itakayorekebisha. Kwa hiyo bei ya kopo zuri inabeba baridi isiyokatika tangu kiwandani hadi mkononi mwako, na inabeba pia makopo yaliyofia njiani kama letu.

Wala nisifiche kwamba jina nalo linauzwa. Häagen-Dazs, aiskrimu ghali inayojulikana duniani kote, ilianzishwa mwaka 1960 na Reuben na Rose Mattus, mtu na mkewe wa Bronx, New York. Jina lile halina maana katika lugha yoyote. Reuben alilitunga lisikike kama la Denmark. Aiskrimu yenyewe ilikuwa na krimu nyingi na hewa kidogo kweli, lakini jina lilisaidia watu wakubali bei. Kopo ghali lenye uzito mdogo lipo pia, na hilo limekuuzia jina peke yake. Kwa hiyo pima kwa mkono kabla ya kulipa.

Jioni ile Kondele tulitoka kununua kopo lingine. Mwenye duka alikuwa na friza moja nyuma ya kaunta, imefunikwa blanketi zito la kijivu kwa sababu stima ilikuwa imepotea tangu saa tisa. Dada alilalamika bei. Yule mzee hakukasirika. Aliinua pindo la blanketi, akaingiza mkono haraka, akatoa kopo na kulifunika tena.

"Mama, hili liko hapa wiki ya tatu," akasema. "Kila usiku limelala kwa tokeni zangu."