Msimbo wa kanda: kwa nini deki nzima huikataa diski nzima

Msimbo wa kanda, yaani wa eneo la dunia, ni alama fupi iliyoandikwa ndani ya diski ya DVD au ya Blu-ray, ambayo deki huilinganisha na namba iliyowekwa ndani yake kiwandani kila mara diski inapoingizwa. Zikipatana, filamu huanza. Zisipopatana, deki husimama na kuandika kwamba eneo si sahihi. Alama hiyo haihusiani na ubora wa picha wala na lugha ya filamu, na diski inayokataliwa kwa sababu yake inaweza kuwa halali kabisa na haina hata mkwaruzo. Ni mpaka wa kibiashara. Katika mji kama Lubumbashi, ambako diski moja imefika kutoka Ubelgiji ndani ya sanduku la ndugu, nyingine imepita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ikitoka Afrika Kusini, na deki yenyewe imenunuliwa Dubai, mpaka huo huwakuta watu wengi kuliko wanavyodhani, na baadhi yao humpelekea fundi mashine isiyo na ugonjwa wowote.

DVD zilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 1996, na Marekani mwaka 1997. Wakati huo filamu kubwa ilionyeshwa kwanza katika sinema za Marekani, kisha baada ya miezi kadhaa ikafika Ulaya, na kwingineko baadaye zaidi. Studio za filamu zilihofia kwamba diski iliyouzwa New York ingefika Paris kabla filamu haijaanza kuonyeshwa huko, na zilitaka pia kuuza filamu ileile kwa bei tofauti katika nchi tofauti. Kwa hiyo dunia ikagawanywa, na watengenezaji wa deki wakafungwa na mkataba: aliyetaka idhini ya kutengeneza mashine inayofungua diski zenye kufuli alipaswa kuheshimu mgawanyo huo.

Kanda ya 1 ni Marekani na Kanada. Kanda ya 2 ni Ulaya ya Magharibi na ya Kati, Mashariki ya Kati, Misri, Japani na Afrika Kusini. Kanda ya 3 ni Asia ya Kusini-Mashariki, pamoja na Korea Kusini na Taiwan. Ya 4 ni Amerika ya Kusini, Meksiko, Australia na New Zealand. Ya 5 ni Urusi, India na sehemu kubwa ya Afrika. Ya 6 ni China. Namba 7 iliwekwa akiba, na namba 8 ni ya ndege na meli. Kongo imo katika kanda ya 5, pamoja na Zambia na Tanzania, ilhali Ubelgiji na Ufaransa, ambako filamu nyingi zenye sauti ya Kifaransa hutoka, zimo katika kanda ya 2. Aliyechora ramani hiyo hakumfikiria msomaji wa Kifaransa aliyeko Katanga. Hata diski za Québec, ambazo nyingi huwa na sauti ya Kifaransa, ni za kanda ya 1, kwa hiyo shangazi aliyeko Montréal na mjomba aliyeko Bruxelles wanaweza kutuma filamu ileile, kwa lugha ileile, na deki moja ikaipokea ya mmoja na kuikataa ya mwingine.

Namna alama hiyo inavyofanya kazi ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Ndani ya DVD kuna nafasi ndogo yenye alama nane, moja kwa kila kanda, na kila alama husema kama kanda hiyo imekatazwa au la. Deki husoma nafasi hiyo kabla ya kuonyesha picha yoyote, ikatazama alama inayolingana na namba yake yenyewe, na kuamua. Diski ambayo haikukataza kanda yoyote huitwa ya kanda 0, au huandikwa ALL kwenye jalada, ndani ya picha ndogo ya dunia. Kwa maana hiyo kanda 0 si mahali, ni ukosefu wa katazo, na hili linafaa kukumbukwa muuzaji anaposema kwamba deki yake ni ya kanda 0. Anachomaanisha ni kwamba mashine imerekebishwa isifuate katazo, au inabadilisha namba yake yenyewe ili ilingane na diski iliyowekwa.

Tofauti kati ya hali hizo mbili ina uzito wake. Karibu na mwaka 2000 baadhi ya studio zilianza kuweka kwenye diski za kanda ya 1 programu fupi inayouliza deki ina namba gani, na ikigundua kwamba deki inakubali kanda zote bila kujitambulisha, hukataa kuendelea. Deki ambayo mwenyewe anaweza kuiwekea namba 1 kwa rimoti huipita diski ya aina hiyo bila shida, lakini ile iliyofunguliwa mara moja tu na fundi huweza kukwama. Kwa hiyo, mtu mwenye ndugu Kanada au Marekani atafute ile ya kwanza.

VCD, ambazo zilitangulia DVD na zilisambaza filamu nyingi za Nigeria, hazina msimbo wa kanda kabisa. Diski zilizochomwa nyumbani kwenye kompyuta kwa kawaida hazina pia, na filamu za Kihindi mara nyingi hutolewa bila katazo. Hapo ndipo penye dalili iliyo wazi kuliko zote: deki ikicheza filamu ya Nigeria, ikacheza video ya harusi iliyochomwa na mpiga picha wa mtaani, kisha ikaikataa diski mpya iliyotoka Bruxelles, jambo la kwanza kushuku ni kanda. Leza iliyochoka hufanya kinyume, kwa kuwa hushindwa kwanza na diski zilizochomwa nyumbani, ambazo hurudisha mwanga hafifu kuliko za kiwandani.

Kukataa kwa ajili ya kanda hutokea haraka. Diski huzunguka vizuri, mashine huitambua kuwa ni DVD, na baada ya sekunde chache ujumbe hutokea, kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, pengine pamoja na namba ya kanda inayotakiwa. Maneno NO DISC ni ugonjwa mwingine: mashine haikuona diski yoyote, kwa hiyo haikufika hata hatua ya kuuliza kanda. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, vumbi jekundu la Lubumbashi huingia kila pahali, na lenzi ya deki, ambayo hulala ikitazama juu, hulipokea bila kinga. Pamba iliyoloweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili, ikipitishwa polepole juu ya lenzi wakati mashine imechomolewa kwenye umeme, mara nyingi hutosha. Petroli na dawa za kuondoa rangi ya kucha zisitumike, kwa kuwa huharibu plastiki. Diski yenyewe ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda pembeni, kwa mstari ulionyooka na si kwa kuzungusha, kwa sababu mkwaruzo unaokata njia ya data husahihishwa na mashine kwa urahisi kuliko ule unaofuata njia hiyo.

Deki nyingi za DVD zina leza mbili, ya mawimbi ya nanomita 780 kwa ajili ya CD na ya nanomita 650 kwa ajili ya DVD, na moja inaweza kuchoka wakati nyingine bado ni nzima. Ndiyo maana mtu husema kwamba deki yake inaimba lakini haionyeshi filamu. Vilevile DVD nyingi za filamu ndefu zina tabaka mbili, zenye uwezo wa gigabaiti 8.5 badala ya 4.7, na karibu na katikati ya filamu leza hulazimika kuhama tabaka. Kusita kidogo pahali hapo ni kawaida, lakini mashine inayoganda palepale katika kila filamu ya tabaka mbili inakaribia mwisho wake. Blu-ray iliyowekwa ndani ya deki ya DVD haitasomwa hata siku moja, kwa kuwa huhitaji leza ya nanomita 405, na hapo kubadilisha namba ya kanda ni kupoteza muda.

Watu huchanganya pia kanda na mfumo wa rangi. PAL na NTSC ni namna ya kupanga picha: DVD ya PAL ina mistari 576 na picha 25 kwa sekunde, ya NTSC ina mistari 480 na picha karibu 30. Diski ya NTSC ikipita kwenye televisheni ya zamani isiyoujua mfumo huo, picha hukosa rangi au hupanda bila kutulia, lakini sauti husikika na filamu inaendelea. Huko si kukataliwa na kanda. Dawa yake imo katika mipangilio ya deki, kwa kuchagua PAL au kuiacha mashine ijiamulie.

Blu-ray, iliyoanza kuuzwa mwaka 2006, iliacha namba na kutumia herufi tatu. A ni Amerika yote, Japani, Korea na Asia ya Kusini-Mashariki; B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati, Australia na New Zealand; C ni China, India, Urusi na Asia ya Kati. Kwa mkaaji wa Lubumbashi mabadiliko haya ni nafuu kubwa, ingawa sijawahi kumsikia muuzaji akiyataja: Ubelgiji, Dubai na Afrika Kusini, ambazo DVD ilizitenganisha na Kongo, sasa ziko pamoja nayo chini ya B. Ultra HD Blu-ray, yaani Blu-ray za picha kali zaidi zilizokuja mwaka 2016, hazina kanda kabisa. Lakini mashine moja hubeba sheria zote kwa pamoja. Deki ya Ultra HD iliyonunuliwa Bruxelles itacheza diski ya Ultra HD ya nchi yoyote, itazuia Blu-ray za A na C zenye katazo, na kwenye DVD itabaki kuwa ya kanda ya 2 tu.

Suala hili linazidi kuwahusu wanunuzi wa hapa kwa sababu deki mpya nzuri zinapungua. Kampuni ya Oppo ilisimamisha utengenezaji wa deki zake mwaka 2018, na Samsung ilitangaza mwaka 2019 kwamba haitaleta tena deki mpya za Blu-ray katika soko la Marekani. Zinazopatikana kwa wingi ni za mtumba, nyingi zikitoka Ulaya, na muuzaji wa pale soko la Kenya, hapa Lubumbashi, au wa katikati ya mji huwa hana kitabu cha maelezo. Geuza mashine usome nyuma yake: namba ya kanda huandikwa ndani ya picha ya dunia, na karibu nayo huandikwa umeme unaotakiwa. Ikiwa imeandikwa volti 100 hadi 240, ni salama. Ikiwa ni 120 peke yake, ilitengenezwa kwa ajili ya Marekani, na volti 220 za hapa zitaiunguza siku ya kwanza. Deki nyingi za bei ndogo zilizotengenezwa China zina menyu iliyofichwa ambamo kanda hubadilishwa kwa kubonyeza tarakimu fulani kwenye rimoti, lakini rimoti ya asili ikipotea, njia hiyo hupotea pia, kwa hiyo usikubali deki ya namna hiyo bila rimoti yake. Kiendeshi cha DVD ndani ya kompyuta ni kikali zaidi: tangu mwaka 2000 huruhusu kanda ibadilishwe mara 5 tu, na baada ya mara ya tano hubaki pale kilipo.

Kwa upande wa sinema ya nyumbani, napendelea deki inayojitegemea kuliko seti ambamo deki na amplifaya vimo katika sanduku moja. Seti hizo huonekana nafuu, lakini nyingi huficha kanda isiyobadilika, na leza ikifa unabaki na spika tano zinazosubiri sehemu isiyopatikana tena madukani. Na unapokwenda kununua, chukua mkononi diski ile inayokusumbua, si yoyote ya muuzaji, kwa sababu ya muuzaji imechaguliwa kwa kuwa inacheza kila mahali.