Mazoezi hayakingi ugonjwa wa mwinuko Andes
Wengi wanaojiunga na safari za vikundi vidogo Peru, kwenye milima ya Andes, huamini kwamba mwenye mazoezi hapatwi na ugonjwa wa mwinuko, yaani kuugua kwa kufika haraka mahali pa juu penye oksijeni haba. Si kweli. Kinachoamua zaidi ni kasi ya kupanda, na ndege kutoka Lima, pwani, hukufikisha mji wa Cusco, mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, kwa saa moja na kitu. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu huanza saa kadhaa baadaye. Wenye nguvu hujiponza kwa kukimbilia matembezi siku ileile. Afadhali ushuke moja kwa moja hadi mji mdogo wa Ollantaytambo, mita 2,800 hivi, ulale siku 2, ndipo urudi Cusco. (Machu Picchu yenyewe, magofu ya Wainka yanayofuatwa na wageni wengi, iko chini zaidi, mita 2,430.) Chai ya koka, ya majani ya mmea wa huko, ni ukarimu wa wenyeji, si tiba. Anayeyumba au kuchanganyikiwa ateremshwe mara moja, hata usiku.