Je, wajua kwa nini mgeni wa strungi anaweza kumaliza jibini?

Kila nyumba ina mgeni ambaye chai ya maziwa haimfai. Kwetu hapa South B ni shemeji yangu. Hata kabla hajaketi utamsikia: "Mimi nipikie strungi, maziwa yananivuruga tumbo." Jumapili moja nilikuwa nimewaandalia wageni jibini za aina nne kwenye kibao cha kusukumia chapati, maana ubao mwingine niliokuwa nao ulikuwa unanuka vitunguu. Shemeji nikamwekea korosho na zabibu zake pembeni. Niliporudi kutoka jikoni nilimkuta kisu mkononi, na ile cheddar imebaki ganda tu. Nikangoja tumbo lianze vita. Wapi! Saa tatu usiku aliaga akiwa mzima, na akaomba afungiwe kipande.

Hakuwa akitudanganya kuhusu chai. Kinachomsumbua ni laktosi, sukari iliyomo ndani ya maziwa. Ili mwili uitumie, utumbo mwembamba lazima uikate vipande viwili kwa kimeng'enya kiitwacho laktasi. Watoto wachanga huwa nacho cha kutosha, lakini kwa watu wengi duniani hupungua baada ya kuachishwa ziwa. Sukari isiyokatwa huteremka hadi utumbo mpana, huko bakteria wanaishangilia: gesi, kuunguruma, na mbio za kwenda msalani. Kuchemsha hakusaidii. Hata chai ikitokota nusu saa, laktosi yake ipo palepale.

Sasa jibini. Kilo moja ya jibini ngumu hutoka kwenye lita kama kumi za maziwa. Maziwa yakishagandishwa, bonge hukatwakatwa, na yale maji ya rangi ya kijanikijani hutiririka nje. Laktosi huyeyuka majini, kwa hiyo sehemu yake kubwa huondoka nayo. Mabaki yaliyonaswa ndani ya bonge huliwa na bakteria, wanaoyageuza kuwa asidi, na kadiri jibini inavyokaa ghalani kukomaa ndivyo yanavyozidi kuisha. Maziwa huwa na takriban gramu 5 za laktosi katika kila gramu 100. Cheddar au gouda iliyokomaa mara nyingi haifikishi hata gramu moja, na nyingine hubaki na chembe tu. Shemeji angelazimika kula kilo kadhaa ndipo afikie kilichomo katika glasi moja ya maziwa, na nadhani mafuta yangemshinda kwanza.

Mtu atauliza, na maziwa ya kuganda je, kama mala na mursik? Pale pia bakteria wamekula sehemu ya sukari, ndiyo maana wengi huzivumilia kuliko maziwa mabichi. Ila maji hayakumwagwa, kwa hiyo laktosi iliyobaki ni nyingi kuliko ya jibini ngumu.

Wapo pia wasiohitaji ujanja wowote huu. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha matokeo ya kupima watu 470 kutoka Tanzania, Kenya na Sudan. Waligundua mabadiliko ya vinasaba yanayoifanya laktasi iendelee kutengenezwa hadi utu uzima, na yalikuwa ya kawaida hasa katika jamii za wafugaji. Ndiyo maana meza moja ya Nairobi inaweza kuwa na mtu anayemaliza kibuyu na mwingine anayekimbia kijiko kimoja cha krimu.

Tangu siku ile napanga kibao kwa kufuata tumbo. Ncha moja naweka ngumu, zilizokomaa. Katikati huwa zile za ganda jeupe kama brie, ambazo pia zina laktosi kidogo. Ncha ya mwisho, karibu na wale wa chai ya maziwa, naweka mbichi: jibini ya kupaka, na rikota, ambayo hutengenezwa kwa yale yale maji yaliyomwagwa, kwa hiyo sukari imejaa. Zile za pembetatu za kwenye karatasi ya fedha nazitilia shaka, kwa kuwa baadhi huongezewa unga wa maziwa. Dukani tazama kibandiko: mstari wa sukari ukisoma sifuri au karibu na sifuri, laktosi ni kidogo. Jibini nzuri haihitaji kutoka ng'ambo, Tigoni na Eldoret zinatengenezwa.

Tahadhari moja, na hii si ya mzaha. Mwenye mzio wa maziwa si sawa na shemeji. Mzio hutokana na protini, na protini ndiyo jibini yenyewe. Huyo mpe korosho, kama hana mzio wa korosho pia.

Halafu toa jibini kwenye friji kama saa moja kabla ya wageni. Mafuta yake yakiwa baridi huwa yameganda kama yale ya juu ya mchuzi wa mbuzi uliolala, na harufu hubaki imefungwa humo. Embe la vipande na asali kidogo vinatosha kando.

Shemeji bado anaomba strungi. Ila siku hizi, kabla hajavua viatu, huuliza kwanza kama ile ngumu ipo.