Tangi la mwenge wa gesi halikuundwa kunasa kila tone

Wengi huamini kwamba tangi la kutenganisha kimiminika, lile linalokaa kabla ya mwenge wa kuchomea gesi kiwandani, lazima linase kila tone. Sivyo. Kazi yake ni kuondoa matone makubwa, ambayo yangefika kileleni yasiungue yote, kisha yakadondoka yakiwaka: mvua ya moto juu ya watu na mitambo. Kiwango cha API 521, yaani mwongozo wa Taasisi ya Petroli ya Marekani, hutaja matone ya mikromita (elfu moja ya milimita) 300 hadi 600. Yaliyo madogo zaidi huungua pamoja na gesi.

Swali la mbuni ni hili: je, tone litawahi kuanguka kabla gesi haijalifikisha kwenye tundu la kutokea? Tangi ni pana kuliko bomba, hivyo gesi hupunguza mwendo na tone hushuka kwa uzito wake. Hesabu hiyo ifanywe kimiminika cha dharura kikiwa kimekwisha kujaa ndani, si tangi likiwa tupu. Kuhesabu kwa tangi tupu ni kosa la hatari, kwa kuwa kimiminika huipunguzia gesi nafasi.

Ninachokihofia zaidi ni wavu wa kunasa ukungu, yaani matone madogo sana, ukiwekwa ndani ya tangi. Ukiziba, unafunga njia ambayo gesi ya dharura inaitegemea.