Acheni kujieleza mnapoomba rekodi za kaunti

Juma hili nimeletewa tena barua ya kurasa mbili. Mwenye barua anataka mkataba wa ujenzi wa zahanati ya wadi yake. Ukurasa wa kwanza wote anaeleza kwamba yeye ni mkazi mwema, hana ugomvi na mtu na hakutumwa na mwanasiasa yeyote. Wa pili anasimulia shida za akina mama wajawazito. Mkataba wenyewe kautaja mstari wa mwisho, juu kidogo ya saini. Nilipomwambia afute karibu yote, akanijibu kama wanavyonijibu wengi: "Lakini si lazima niseme nautakia nini?"

Si lazima! Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na serikali ya kaunti ni serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, kifungu cha 4, inasema haki hiyo haiathiriwi na sababu unayoitoa, wala na sababu ambayo afisa anadhani unayo. Hiyo sehemu ya pili ndiyo watu wanairuka. Hata afisa akiamini kabisa kwamba unatafuta cha kumwangushia MCA wako, yaani mwakilishi wa wadi, imani yake haimpi ruhusa ya kukunyima. Mwaka 2017 Katiba Institute, shirika linalotetea Katiba, ilikwenda Mahakama Kuu baada ya kuomba bila mafanikio habari za matangazo ya serikali yaliyotolewa kabla ya uchaguzi mkuu: yaligharimu kiasi gani, idara zipi zililipa. Jaji Chacha Mwita aliamuru habari zitolewe. Ukidai chenji yako dukani, hakuna anayekuuliza kwanza utaifanyia nini.

Mazoea haya nayajua yanakotoka. Tumekulia katika ofisi ambazo swali la kwanza ni "umetumwa na nani?" Kwa hiyo mtu anajitetea kabla hajashtakiwa. Ningekuwa mpole zaidi kama kujieleza kungekuwa kupoteza wino tu. Kunaharibu ombi lenyewe.

Kunaliharibu hivi. Ukiandika kwamba zahanati imekwama na wananchi wanateseka, karani anasoma lalamiko. Barua inapelekwa dawati la malalamiko, na unajibiwa kwamba suala lako limepokelewa na litashughulikiwa. Umeshukuriwa, na mkataba hujauona. Ukirudi kudai ujibiwe ndani ya siku 21 za kisheria, unaambiwa hukuomba rekodi, ulilalamika. Na ukiisoma tena barua yako, utaona wana hoja.

Madhara ya pili ni kwamba sababu inalipunguza ombi. Ukisema unataka kujua kama shule ya kijijini kwako ilipata basari, utajibiwa "ndiyo, ilipata" na faili litafungwa. Ulichohitaji ni orodha ya fedha zote zilizotolewa katika wadi hiyo mwaka huo, shule kwa shule. Iombe hiyo. Majina ya wanafunzi yaache, kwa sababu hapo utakutana na ulinzi wa habari za kibinafsi, na mara nyingi utashindwa kwa haki.

Msichanganye "unazitaka za nini" na "wewe ni nani". Swali la pili ni halali. Haki hii ni ya raia, kwa hiyo kuombwa nambari ya kitambulisho si uonevu. Fomu pia wanaweza kuwa nayo, ila sheria hairuhusu ombi likataliwe kwa sababu tu hukuijaza. Ikiwa na nafasi ya "sababu za kuomba", andika: haihitajiki, kifungu cha 4.

Kuna mahali sababu inafaa, na hapa nawaomba mtulie, maana wanaolijua nusu ndio wanaopotoka zaidi. Ukimwomba mkandarasi mwenyewe badala ya kaunti, Katiba inakutaka uonyeshe kwamba habari hizo zinahitajika kutekeleza au kulinda haki fulani. Ndiyo maana nasema ombeni kaunti, nakala iko kwao. Pia ukisema habari inagusa uhai au uhuru wa mtu, muda unashuka hadi saa 48, na hilo huwezi kulidai bila kulieleza.

La tatu ndilo gumu. Kaunti ikikwambia mkataba una siri za kibiashara, kifungu cha 6 kinaruhusu habari itolewe bado, iwapo manufaa kwa umma yanazidi madhara. Hapo sasa eleza kwa nguvu zako zote: fedha ni za umma, jengo ni la umma, umma una haki ya kujua kilichoahidiwa. Lakini eleza baada ya kukataliwa, unapojibu kipingamizi walichokitaja. Ukitanguliza hoja hizo, umewapa nafasi ya kuupima umuhimu wako kabla hawajataja kifungu chochote. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru mikataba ya reli ya SGR itolewe, na serikali ilikuwa imesimama juu ya usiri. Mkataba wa zahanati ya wadi una siri gani kuushinda ule?

Mengine ni mepesi. Andika kwa Kiswahili ukipenda, sheria inaruhusu. Taja karatasi kwa jina lake: mkataba, BQ (orodha ya vipimo na bei za kazi ya ujenzi), vyeti vya malipo, wadi, mwaka wa fedha. Usiulize "kwa nini jengo halijaisha", maana sheria inakupa rekodi, haikupi maelezo. Kuwasilisha ombi ni bure, utalipia kunakili tu. Nakala yako ipigwe muhuri wenye tarehe. Siku 21, na wanaweza kuongeza 14 mara moja. Wakinyamaza, kimya ni kukataa, nawe una siku 30 kwenda Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman.

Jambo moja halijanitulia. Ofisi ya wadi ni ndogo, na anayepokea barua yako pengine mnaswali msikiti mmoja. Akikuuliza "mwanangu, hizi za nini?", kumtajia kifungu cha 4 usoni ni sahihi kisheria na kunaweza kukugharimu mahusiano utakayoyahitaji kesho. Wapo niliowaona wakimjibu kwa upole, wakapewa faili siku ileile. Wapo waliojibu vivyo hivyo, na jioni mkandarasi akawapigia simu. Kwa sasa nashauri hivi: mdomoni sema "ni za kumbukumbu zangu, mzee", na kwenye karatasi usiandike kitu. Lakini anayeishi peke yake, katika wadi ambako fedha hizo zina wenyewe, simshauri apeleke barua kwa jina lake. Atafute chama cha wakazi kilichosajiliwa kiombe kwa jina la chama, kwani sheria inahesabu kuwa raia hata shirika la kibinafsi linalodhibitiwa na Wakenya.